"Limón" kwenye mapishi ya Kihispania: limau au ndimu?

Mkuu mleta mada, umesema mapishi ya ceviche ya Peru (samaki mbichi anayelowekwa kwenye juisi chachu) yalitaka "12 limones", ukakamua malimau 12, nusu kilo ya samaki ikaogelea. Jina ndilo lililokuponza. Limón ya Peru ni ndimu, zile ndogo za kijani zenye mbegu. Ndimu moja hutoa kama mililita 20, limau hufika 45, kwa hiyo ulimimina zaidi ya mara mbili.

Kabla ya kununua chochote, angalia aliyeandika ni wa nchi gani. Hispania na Argentina, limón ni limau la manjano, na ndimu Wahispania huiita lima. Mexico, Peru na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati, limón ukitajwa peke yake ni ndimu. Limau huko litaongezewa neno, mfano limón amarillo, yaani la manjano. Mexico kuna mtego mwingine: lima ni tunda jingine kabisa, na aina yake ya kawaida haina uchachu wa maana. Ukisoma limón persa au Tahití, hiyo ni ndimu kubwa isiyo na mbegu. Chile wamechanganya: limón ni limau, lakini limón de Pica ni ndimu. Huenda chanzo cha fujo hii ni hali ya hewa. Malimau hayapendi joto la pwani zenye unyevu, ndimu zinastawi, basi jina likahamia kwenye tunda lililokuwepo.

Je, unaweza kubadilisha? Kwa juisi, ndiyo, ila pima kwa mililita, usihesabu matunda. Uchachu wao unakaribiana; kinachobadilika ni harufu. Kwa nusu kilo ya samaki mweupe aliyekatwa vipande vya sentimita 2, mililita 200 hadi 250 zinatosha. Mloweke dakika 10 hadi 15 basi. Ukimwacha saa nzima nyama inakauka na kuwa kama mpira. Kamua kwa mkono, usiminye hadi tone la mwisho, maana ganda hutoa uchungu. Na tafadhali, ndimu haiui minyoo ya samaki. Mgandishe kwanza kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, siku 7.

Kwa ganda, usibadilishe ovyo. Arroz con leche ya Kihispania (wali wa maziwa) inataka ganda la limau: lita 1 ya maziwa, gramu 120 za mchele mfupi, na utepe wa ganda la manjano tu. Ule weupe wa ndani ni mchungu. Ganda la ndimu litaleta harufu nyingine na uchungu mapema. Juisi usiweke kabisa, maziwa yatakatika. Sukari mwishoni, ukiiwahisha mchele unagoma kuiva.

Halafu kuna vitu vinavyobeba jina bila kuwa tunda lenyewe. Zacate limón ya Mexico ni mchaichai wetu. Peru mchaichai ni hierba luisa, lakini Hispania hierba luisa ni kichaka kingine chenye majani yanayonukia limau, kwa hiyo hapo pia uliza nchi. Limoncillo ya Jamhuri ya Dominika ni tunda la ganda la kijani lenye kokwa kubwa, la kumung'unya. Pez limón ni samaki wa jamii ya kolekole.

Na ukikuta "rice and beans de Limón", usitafute ndimu. Limón hapo ni mkoa wa Costa Rica kwenye pwani ya Karibi, ambako watu wengi wana asili ya Jamaika, na chakula chenyewe ni wali na maharage vilivyopikwa kwa tui la nazi. Hicho hata bila mapishi unakijua.