Baridi imeisha, toa baiskeli stoo, ila usitoke kama nilivyotoka mimi

Siku ya kwanza ya joto ndo inayoponza watu. Umekaa miezi ndani, giza linaingia saa kumi na moja jioni, kila ukitoka ni koti na skafu, afu asubuhi moja unafungua dirisha unakuta hewa haichomi pua, ndege wanapiga kelele, jua limelala ukutani, na akili inaruka moja kwa moja mpaka kwenye baiskeli iliyoegemezwa stoo tangu majani yalipoanza kudondoka. Mwaka wangu wa kwanza kuishi sehemu yenye winta nilitoka siku hiyohiyo. Sikukagua kitu, nilibinya tairi kwa kidole gumba nikaona linatosha, fulana moja, kaptula, maji nusu chupa, huyoo.

Na ilikuwa raha jamani, nisidanganye. Nilikuwa napaa. Nikajisemea kumbe winta haijanipunguza kitu, miguu ipo, pumzi ipo, nikanyonga kilomita 22 bila kusimama huku natabasamu peke yangu kama mwehu, afu nikageuza. Hapo ndo nikapata habari. Kumbe kilomita zote zile nilikuwa nasukumwa na upepo, na upepo ukiwa mgongoni huusikii, unadhani ni wewe. Kurudi nilitumia zaidi ya saa mbili. Jua likashuka, jasho likapoa mwilini, vidole vikafa ganzi mpaka breki nikawa nabinya kwa kiganja kizima, goti la kulia likaanza kuchoma kwa mbele, na kuna kamlima nilikapanda kwa miguu huku nasukuma baiskeli, kamlima ambako wakati wa kwenda hata sikujua kama nilikuwa nateremka. Wiki mbili zilizofuata, ambazo ndo zilikuwa na jua zuri kuliko zote, nilizimalizia dirishani na goti.

Toka hapo nina sheria moja ambayo siivunji: naanza safari kwa kuula upepo usoni. Kabla sijapanda naangalia matawi, bendera, moshi, chochote kinachopepea, afu naelekea huko unakotoka. Hii sio ushamba, upepo unakula nguvu kuliko unavyofikiria. Hewa inavyokuzuia haiongezeki sawasawa na mwendo, mwendo wa hewa ukizidi mara mbili kizuizi kinazidi mara nne. Sasa we unaenda kilomita 15 kwa saa, upepo nao unakuja usoni kwa kilomita 15, kwa mwili wako hiyo ni hewa ya kilomita 30, yaani hewa inakuzuia mara nne ya siku iliyotulia, na barabarani bado unaonekana unajikokota tu. Bora ukutane na hiyo kazi miguu ikiwa mibichi na jua bado liko juu, wakati wa kurudi ndo usukumwe, uchoke kwa raha.

Umbali sasa. Safari ya kwanza, dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi, basi. Najua unajiona una nguvu, na kweli pumzi unaweza kuwa nayo kama ulikuwa unakimbia au unapanda ngazi, ila magoti, kiuno, shingo, viganja na makalio havijui habari za pumzi, vyenyewe vinazoea taratibu. Na dakika arobaini sio kidogo. Yule Mjerumani Karl von Drais alipotoka Mannheim tarehe 12 Juni 1817 na kile chombo chake cha mbao, cha magurudumu mawili, hakina hata pedali, unasukuma ardhi kwa miguu, alienda na kurudi kilomita 13 hivi tu, kama saa nzima, na mpaka leo ndo inahesabiwa safari ya kwanza ya baiskeli duniani. Kama yeye ilimtosha, na sisi itatutosha.

Mwendo wenyewe ni ule wa kupiga stori. Kama huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, punguza. Na usijifanye mwanaume kwa kukanyaga giya nzito (wanawake mnanielewa, hawa watu wanatupita kwa fujo afu tunawakuta mbele wamekaa chini), weka giya nyepesi, pedali zizunguke harakaharaka. Hesabu goti moja linapanda mara ngapi ndani ya sekunde 15, likipanda mara 18 mpaka 22 uko vizuri, maana hiyo ni kama mizunguko 70 na kitu mpaka 88 kwa dakika. Ikiwa 12 hapo unaponda magoti.

Tukirudi kwenye goti langu. Nilidhani ni uzee, kumbe siti. Mdogo wangu aliiazima baiskeli kabla ya winta akashusha siti imfae yeye, ni mfupi, na mimi nikapanda hivyohivyo. Siti ikiwa chini sana goti linaumia kwa mbele, ikiwa juu sana unaumia nyuma ya goti na nyonga zinacheza huku na huku kila ukikanyaga. Kuipima huhitaji fundi: kaa juu, shika ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unatakiwa uwe umenyooka. Ukihamia kukanyaga na ule unene wa mbele wa unyayo, ambako ndo panapotakiwa siku zote, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Dakika mbili. Mimi zilinigharimu wiki mbili kwa sababu ya uvivu.

Na baiskeli nayo imelala, iamshe vizuri. Tairi lililokaa miezi linapoteza upepo hata kama halina pancha, unapenya taratibu kwenye mpira wa tyubu, ni kawaida. Kidole gumba hakipimi kitu. Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba, kiwango cha upepo, na mara nyingi kuna cha chini na cha juu, kaa katikati, usijaze mpaka juu ukidhani ndo uhodari, utarushwa kwenye kila kijiwe. Tairi likiwa laini sana ukigonga shimo rimu inaibana tyubu chini na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba, na ukiyaona hayo mawili jua kosa sio la msumari, ni lako. Cheni ifute na kitambaa kikavu, dondoshea oili ya cheni tone moja kila kiungo huku unazungusha pedali kinyumenyume, iache dakika kadhaa inywe, afu futa yote ya nje. Watu hapo kwenye kufuta ndo wanapasahau, oili ya nje haisaidii kitu, inakusanya mchanga tu. (Mafuta ya kupikia hapana. Nimeona mtu. Yaliganda yakawa kama gundi.) Raba za breki angalia kama bado zina mifereji, kama imeshafutika zimeisha. Mwisho inyanyue baiskeli kidogo kutoka chini, uidondoshe itue na matairi, usikilize. Kitu kikilia chang'a chang'a hakijakaza, kitafute.

Makalio, naongea kwa heshima zote. Yatauma safari tatu nne za mwanzo na hakuna namna. Kununua siti pana laini kama kochi kunaonekana ni akili ila kwa safari inayozidi nusu saa inakubana na kukuchubua mapajani zaidi. Kilichonisaidia ni kaptula ya baiskeli ile yenye sponji, na hiyo haivaliwi na chupi ndani jamani, ile mishono ya chupi ndo inayochubua, mimi nilivaa vyote viwili mwezi mzima nashangaa hela yangu imeenda wapi.

Nguo nyingine ni hivi, ile joto unayoisoma kwenye simu ni ya mtu aliyesimama. Wewe ukienda kilomita 20 kwa saa umejitengenezea upepo wako mwenyewe, afu una jasho. Dakika kumi za kwanza usikie kabaridi kidogo, ukitoka nyumbani ukiwa na joto tamu umevaa kupita kiasi, utaloa, na kuloa ndo kunaleta baridi baadaye. Nguo nyembamba mbili tatu ni bora kuliko moja nzito, na kajaketi kepesi ka kuzuia upepo kanakokunjika mfukoni usikaache hata kama anga ni bluu. Glavu pia. Jua la msimu huu lina maneno matamu ila likijificha nyuma ya jengo unakumbuka ni juzi tu ulikuwa unakwangua barafu.

Barabara yenyewe bado ina winta ndani yake. Ule mchanga na kokoto walizomwaga kwenye barafu ili watu na magari wasiteleze zimesukumwa pembeni na kwenye kona, yaani palepale unapopita wewe, kwa hiyo breki unashika kabla ya kona, sio ndani ya kona. Mashimo mapya yapo kila mahali, maji yanaingia kwenye nyufa za lami, yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 hivi, yanapasua, yakiyeyuka gari zinamalizia. Dimbwi usilolijua chini yake usilipite. Na kitu kimoja nilifundishwa na mtu mzima nikakipenda: jioni ukiona kivuli chako kirefu kiko mbele yako, basi dereva anayekuja kutoka kule kivuli kinakoelekea jua liko machoni mwake, hakuoni. Washa taa, hata kama ni mchana.

Miwani vaa, sio kwa ajili ya urembo, wadudu wanaamka pamoja na wewe.

Simu mimi naizima sauti naiweka begini. Ilikuwepo programu ya kupima mwendo nikaifuta, maana kila jioni ilikuwa inaniambia niko chini ya wiki iliyopita, sasa mimi nilitoka kufurahi au kufanya mtihani? Badala yake napita njia ileile, kamzunguko ka kilomita 12, kila Jumapili. Watu wanasema utachoka kuona kitu kimoja. Lakini msimu huu hakuna kitu kimoja. Wiki ya kwanza miti ni vijiti, ukisogea karibu unaona kwenye vijiti kuna vivimbe vidogo vyekundu kama vichwa vya kiberiti. Wiki inayofuata vimepasuka, kuna ukijani umelowa umekunjamana kama nguo iliyotoka kwenye begi. Ya tatu njia ina kivuli. Kwenye gari hayo huyaoni, ukikimbia unaangalia chini, baiskeli ya polepole ndo saizi yake.

Jumapili iliyopita karibu na bwawa nilikuta bata amesimama katikati ya njia, kichwa juu, ananiangalia. Nikashuka. Vifaranga saba wakaanza kutoka kwenye nyasi mmoja mmoja, wa sita akavuka, wa saba akafika kwenye ukingo wa lami akashindwa kupanda, anaruka anaanguka, anaruka anaanguka. Nyuma yangu akafika mzee mmoja na baiskeli ya zamani yenye karia, na yeye akashuka, hatukusemeshana. Tulisimama pale labda dakika tatu mpaka yule wa saba akatafuta sehemu ya chini chini akapita. Mzee akapanda, akapiga kengele mara moja, akanipita.