Kwa mnaoanza kazi kwenye umeme wa gesi ya dampo

Wadogo zangu mnaokuja na vyeti vya umeme na mekanika, najua wote mtakimbilia injini, inaunguruma, ina skrini, unapiga nayo picha. Sawa. Ila kilowati zinatoka kule juu kwenye taka, kwa hiyo tafuta buti nzuri ukajue visima vya gesi kwanza, yaani yale mabomba yaliyozamishwa kwenye taka kuvuta gesi.

Gesi yenyewe karibu nusu ni methani, nyingine kubwa ni kaboni dayoksaidi, blowa ndo inaivuta toka visimani. Sasa umeme ukishuka bosi atasema fungueni valvu, na hapo ndo balaa linapoanza, maana ukivuta kupita kiasi unanyonya hewa ya nje kupitia udongo wa juu, methani inashuka, wale bakteria wanaotengeneza gesi hawataki kabisa oksijeni, na taka zinaweza kushika moto huko chini usijue mpaka ardhi ianze kutitia. Ukiona oksijeni inapanda, joto la kisima linapita digrii 55, punguza. Geuza valvu kidogo, acha, kapime tena kesho. Haina haraka hii.

Maji nayo. Gesi inatoka ya moto na unyevu, ikipoa inakuwa maji, na taka zinazama kila mwaka kwa hiyo bomba linapinda, maji yanatuama hapo, gesi haipiti tena. Kwenye madampo yetu ya maganda ya ndizi na mabaki ya ugali ndo zaidi, gesi inakuja fasta na kupungua fasta, visima vinajaa maji machafu. Durban, Afrika Kusini, waliwasha mtambo kwenye dampo la Mariannhill mwaka 2006, kama megawati 1 tu, someni habari zake.

Kwenye injini mtakuta unga mweupe kwenye plagi na valvu, hiyo ni siloksani, kemikali yenye silikoni inayotoka kwenye shampuu na losheni, ikishaungua, inakwangua chuma kama mchanga. Salfa nayo inaitia oili asidi, kwa hiyo peleka sampuli maabara, usifuate ratiba ya kubadili oili ya injini za gesi asilia.

Usiingie shimoni peke yako hata kama husikii harufu, ile gesi ya salfa inayonuka mayai viza ikizidi inaua pua kwanza. Methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 kwenye hewa inalipuka, sigara acha getini.

Na injini ikizima usiku peleka gesi kwenye mnara wa kuchomea, blowa isisimame, la sivyo harufu itawafikia majirani kabla simu yako haijamfikia meneja.