Mhandisi Anayetaka Umeneja Atafute Nini Katika Shule ya Biashara

Wahandisi waliokwisha kukaa kazini miaka mitano, sita au zaidi huniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, wasome shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, yaani MBA, ili wahamie kwenye umeneja? Nimepita njia hiyo, nikianzia kwenye matengenezo ya mitambo hadi kusimamia idara yenye wahandisi, mafundi, wahasibu na watu wa ununuzi, kwa hiyo ninalo jibu, lakini halianzi na chuo wala ada. Linaanza na kujiuliza kama kweli unataka kuwajibika kwa kazi ambayo hukuifanya kwa mikono yako, kwa uamuzi uliotolewa kabla taarifa hazijakamilika, na kwa watu ambao hakuna fomula inayotabiri watakachofanya kesho. Anayeyataka hayo atanufaika na shule ya biashara. Anayetaka cheo na mshahara peke yake anaweza kuvipata kwa njia nyingine, na huenda akaridhika zaidi akibaki mhandisi mwandamizi. Waajiri wengi wana ngazi ya vyeo vya kitaalamu inayopanda sambamba na ile ya umeneja.

Wapo wanaoona kwamba kuhama huku ni kuupa uhandisi kisogo. Sikubaliani nao, kwa sababu usimamizi kama fani umejengwa kwa sehemu kubwa na wahandisi. Mwaka 1886 Henry Towne aliwaambia wenzake wa chama cha wahandisi mitambo wa Marekani kwamba usimamizi wa karakana una uzito sawa na uhandisi wenyewe na unastahili kuandikwa na kujadiliwa kama fani. Henri Fayol, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1916 maelezo yake ya kazi za uongozi, alikuwa mhandisi wa migodi. Henry Gantt, ambaye chati yake ya ratiba bado inatumika katika ofisi za miradi, alikuwa mhandisi mitambo.

Kitu cha kwanza ambacho shule ya biashara humpa mhandisi ni namna ya kuitazama fedha katika muda. Nikiwa bado katika matengenezo nilishiriki kuandaa pendekezo la kufunga vidhibiti vya kasi kwenye mota za pampu. Hoja ya kiufundi ilikuwa imara: pale ambapo sehemu kubwa ya kazi ya pampu ni kushinda msuguano ndani ya mabomba, nguvu inayohitajika hufuata kipeo cha tatu cha kasi, hivyo ukipunguza kasi hadi asilimia 80 nguvu hushuka hadi karibu asilimia 51. Meneja wa fedha aliusoma mchanganuo wetu kwa makini, kisha akauliza fedha zinatoka mwaka gani, zinarudi mwaka gani, na kama zingepelekwa kwenye mradi mwingine zingezaa nini. Yalikuwa maswali ya haki kabisa, na ni maswali ambayo masomo ya uhandisi huyagusa kwa juujuu, kama huyagusa.

Nilipofika kwenye somo la fedha za kampuni niliyaelewa maswali hayo kwa undani wake. Ikiwa gharama ya mtaji, yaani mapato ambayo fedha hizo zingezaa kwingine, ni asilimia 12 kwa mwaka, mia moja itakayopokelewa baada ya miaka 5 ina thamani ya takriban 57 leo. Kwa hiyo akiba ya umeme ambayo mhandisi anaijumlisha kwa miaka kumi kana kwamba kila mwaka una uzito uleule, mtu wa fedha anaiona ikipungua kadiri inavyosogea mbali. Hesabu yenyewe haimsumbui mhandisi hata kidogo. Kinachohitaji kufundishwa ni uamuzi uliofichwa ndani yake: ni kiwango gani cha riba kinachofaa kwa mradi wenye hatari hii, ni mapato gani ambayo yangekuja hata bila mradi na hivyo hayastahili kuhesabiwa, na ni gharama zipi ambazo tayari zimekwisha kuzama, yaani zimelipwa na hazirudi, kiasi kwamba hazipaswi kuathiri uamuzi wa leo. Hilo la mwisho ni gumu kwa watu wa miradi, kwa sababu aliyejenga nusu ya kitu anataka sana kukimaliza.

Uhasibu nao usiudharau. Wahandisi wengi huuchukua kama somo la kukariri, ilhali ndiko unakogundua kwamba kampuni inaweza kuonyesha faida vitabuni na bado ikashindwa kulipa mishahara, kwa kuwa mauzo huandikwa yanapofanyika, lakini fedha huingia siku mteja anapolipa. Ukishalielewa hilo, vipuri vilivyojaa ghalani havionekani tena kama usalama tu. Vinaonekana pia kama fedha zilizolala, na mazungumzo yako na idara ya fedha yanabadilika tangu siku hiyo.

Jambo la pili ni namna ya kuamua. Mhandisi amelelewa katika utamaduni wa viwango, majaribio na vigezo vya usalama, ambamo tatizo likitolewa vizuri huwa na jibu linaloweza kuthibitishwa. Shule nyingi za biashara, zikifuata desturi iliyokuzwa Harvard, ambako masomo ya MBA yalianza mwaka 1908, hufundisha kwa visa: mnapewa maelezo ya kampuni fulani na tatizo lililomkabili meneja wake, nusu ya taarifa mnazozihitaji hazipo, na darasa linajadili wewe ungefanya nini. Majuma ya mwanzo niliwaona wahandisi wenzangu wakiomba takwimu zaidi, wakati waliotoka kwenye mauzo walikuwa wamekwisha kuamua na wanatetea uamuzi wao. Hakuna upande uliokuwa na ukweli wote, na nadhani faida kubwa ya mtindo huo ni kulazimika kumsikiliza mtu mwenye akili timamu aliyesoma kurasa zilezile ulizosoma wewe na kufikia hitimisho lililo kinyume na lako. Meneja hukutana na hali hiyo kila wiki.

Jambo la tatu ndilo ningependa kila mhandisi alichukue kwa uzito kuliko yote, nalo ni somo la watu. Katika ratiba huitwa tabia katika taasisi, au uongozi, au majadiliano, na wenye mazoea ya hesabu hulihesabu kuwa somo jepesi la kupumzikia. Kazini ndilo linaloamua kama utafaulu. Ulipokuwa mhandisi, saa nne za utulivu mbele ya michoro zilikuwa siku nzuri. Ukiwa meneja, saa hizo zinagawanyika kati ya fundi mzoefu anayeona amepitwa katika kupandishwa cheo, mkandarasi anayetaka muda wa nyongeza, na mhandisi kijana ambaye hesabu zake ni sahihi lakini hawezi kuzieleza mbele ya bodi. Jaribu kubwa ni kuichukua kazi ya kijana huyo na kuifanya mwenyewe, kwa sababu unaiweza na utaimaliza kwa nusu ya muda. Kila unapofanya hivyo unamnyima nafasi ya kukua, na unajinyima muda wa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeajiriwa kuifanya. Darasani nilijifunza kutoa maoni magumu bila kumvunja mtu moyo, na kuuliza swali la pili kabla ya kutoa jibu la kwanza. Ujuzi huo unafundishika, hata kwa mtu mkimya, na ninawasihi wahandisi wakimya wasijitoe mapema kwa kudhani kwamba umeneja ni wa wasemaji.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho shule ya biashara haipaswi kukuondolea, na kila ninapozungumza na wanaohama hurejea kwenye usiku wa tarehe 27 Januari 1986. Wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za kusaidia kurusha chombo cha anga Challenger, walipinga chombo hicho kurushwa katika baridi iliyotabiriwa, kwa hofu kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zingepoteza unyumbufu. Katika majadiliano ya ndani ya viongozi wa kampuni, makamu wa rais wa uhandisi, Robert Lund, aliambiwa avue kofia yake ya uhandisi na avae kofia ya umeneja. Pendekezo likabadilishwa. Asubuhi iliyofuata chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwemo wakafa.

Ninalitaja tukio hili kwa sababu sentensi ile bado inasemwa, kwa maneno mengine na kwa sauti ya upole, katika vikao vingi vya bajeti na ratiba. Mtu aliyesomea uhandisi na usimamizi ana thamani kwa kuwa ndani ya kikao kile anaweza kufahamu gharama ya kuchelewa na pia maana halisi ya mchoro unaoonyesha hatari, bila kuhitaji mkalimani upande wowote. Mkufunzi yeyote akikuambia kwamba ili uwe meneja lazima uache kufikiri kama mhandisi, msikilize kwa heshima, kisha usimfuate.

Kuhusu aina ya kozi, nitasema kwa ufupi. Kozi ya muda wote nchini Marekani kwa kawaida huchukua miaka 2. Ulaya zipo nyingi za mwaka 1 au karibu na hapo, kwa mfano ile ya INSEAD, shule iliyoanzishwa mwaka 1957. Kozi ya watendaji walio kazini ilianza Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1943, na inawafaa wenye majukumu ambayo hawawezi kuyaacha. Satya Nadella, mhandisi wa umeme kwa shahada yake ya kwanza aliyekuja kuiongoza kampuni ya kompyuta ya Microsoft, alimaliza MBA Chicago mwaka 1997 akiwa tayari anafanya kazi katika kampuni hiyo. Mary Barra, naye mhandisi wa umeme, alisoma MBA Stanford kwa ufadhili wa kampuni ya magari ya General Motors, akahitimu mwaka 1990, na akaiongoza kampuni hiyo kuanzia 2014. Wote wawili walikuwa na mahali pa kuyatumia waliyojifunza, na hilo ndilo la kuzingatia zaidi ya jina la chuo. Kagua pia ithibati ya shule. AACSB, EQUIS na AMBA ndizo zinazotambulika zaidi kimataifa. Mhandisi haogopi sehemu ya hesabu ya GMAT, mtihani unaotumiwa na shule nyingi za biashara kuwachuja waombaji, kwa hiyo atumie muda wake mwingi wa maandalizi kwenye sehemu ya lugha na hoja. Na anapopiga hesabu ya gharama, ajumlishe mshahara atakaoukosa akisoma kwa muda wote, kwa maana mara nyingi huo huikaribia ada yenyewe au huizidi.

Kabla ya kutuma maombi popote, omba kazini jukumu lenye bajeti na watu, hata liwe dogo: kusimamia zabuni moja tangu kutangazwa hadi kukabidhiwa, au kuratibu matengenezo makubwa ya mwaka. Likikuchosha kwa namna isiyokupa raha yoyote, umejua jambo muhimu bila kulipa ada. Likikuvutia, utaingia darasani ukiwa na maswali yako mwenyewe, na mhadhara wa mtaji wa uendeshaji, yaani fedha za kuendeshea shughuli za kila siku, au wa majadiliano utakujibu kitu ulichokihangaikia. Soma taarifa za fedha za kampuni yako kama zinachapishwa, na mwombe mtu wa uhasibu akueleze mizania mstari kwa mstari. Wengi wao hufurahi kuulizwa.

Zungumza na mwajiri mapema, kwa maandishi ikiwezekana, kuhusu nafasi utakayoshika ukihitimu. Nimewaona watu wenye uwezo wakirudi na shahada kwenye meza ileile na majukumu yaleyale, wakaondoka baada ya muda mfupi, na mwajiri akapoteza mhandisi pamoja na meneja. Mwajiri asiyeweza kukuahidi cheo anaweza angalau kukuahidi mradi, idara ya kukaimu, au kiti katika kamati ya uwekezaji. Na muda wote huo endelea kulipia usajili wako wa kitaaluma na kuhudhuria mafunzo yake, kwa sababu siku utakapolazimika kusimama mbele ya bodi na kusema mtambo huu usiwashwe, utahitaji kuwa bado unastahili kuitwa mhandisi.