Maswali ya Wasomaji: Linki 500 kwa laki moja na nusu

Nina karakana ya samani Keko. Tovuti yetu ina miezi minane, na mtu akitafuta vitanda vya mninga kwenye Google hatuonekani hadi ukurasa wa nne. Kijana mmoja ananiahidi linki 500 ndani ya wiki mbili kwa shilingi 150,000. Nimlipe? (Msomaji, Keko)

Usimlipe. Tangu ianze mwaka 1998, Google huichukulia linki kutoka tovuti nyingine kama ushahidi: mwenye tovuti ile ameona kwako kuna kitu cha kumwonyesha msomaji wake. Watu walipolijua hilo wakaanza kutengeneza ushahidi wa uongo kwa mafungu. Aprili 2012 Google ikaleta Penguin, mfumo wa kuwashusha waliofanya hivyo. Tangu Septemba 2016 mfumo huo umo ndani ya mtambo wenyewe, na kwa kawaida linki za namna hiyo hupuuzwa tu. Maana yake, hela yako imekwenda bure. Baya zaidi ni pale mkaguzi wa Google anapoiadhibu tovuti yeye mwenyewe. Taarifa utaiona kwenye Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, na kabla ya kuomba adhabu iondolewe itabidi uwasake wenye kurasa zile uwaombe wazifute linki.

Kama bado unasita, mwombe akuonyeshe kurasa tatu alizowawekea wateja wengine, uzisome mpaka chini. Mara nyingi utakuta kamari, dawa za kupunguza unene na mawakili wa nchi ya mbali kwenye ukurasa mmoja, na fundi wa Dar es Salaam kabanwa katikati. Ukurasa huo hauna msomaji, basi hata wa kubonyeza hayupo.

Linki zako ziko kwa watu wanaokufahamu tayari. Andika orodha: hoteli na migahawa uliyoiuzia viti, anayekuletea mbao, duka unakonunua vanishi na bawaba, mchora ramani za nyumba aliyewahi kukuletea mteja, chuo kinacholeta vijana wa mafunzo kwa vitendo. Anza na wenye tovuti. Ujumbe uwe mfupi na utaje mahali hasa: “Habari za kazi, meneja. Vitanda vinavyoonekana kwenye ukurasa wenu wa vyumba tulivitengeneza sisi. Tunaomba chini ya picha liandikwe jina la karakana yetu pamoja na linki hii. Nasi tutaweka picha za vyumba vyenu kwenye ukurasa wa kazi tulizofanya.” Linki nane za namna hii tunazithamini kuliko 500 za yule kijana. Ila kubadilishana huku kusiwe mtindo wa kila mtu na kila mtu. Kukizidi, Google huona ni hila.

Halafu wape watu kitu cha kuunganisha. Ukurasa wa mbele unaosema “karibuni wateja wetu” haumsaidii mtu. Tengeneza ukurasa wa vipimo: kitanda cha futi 4 kwa 6 ni sentimita 122 kwa 183, cha 5 kwa 6 ni 152 kwa 183, cha 6 kwa 6 ni 183 kwa 183. Onyesha kwa mchoro chumba kinachokitosha kila kimoja ukiacha sentimita 60 za kupita kila upande, na nafasi inayoliwa na mlango wa kabati ukifunguliwa. Muuza magodoro na mpangishaji wa nyumba wote wana sababu ya kuwatuma wateja wao pale.

Maneno ya kubonyeza mwachie mwenye tovuti. Jina la karakana linatosha. Tovuti kumi zikiandika “samani bora na nafuu Dar es Salaam” neno kwa neno, ni dhahiri kuna aliyewagawia. Linki ikishawekwa, ibonyeze mwenyewe kwenye simu. Herufi moja ikikosewa, mteja anafika pasipo na kitu.

Gazeti la mtandaoni limekubali kuchapa makala kuhusu kampuni yetu kwa malipo, makala yenyewe ikiwa na linki. Ni kosa? (Msomaji, Sinza)

Kulipia tangazo si kosa. Kosa ni kulificha. Linki iliyolipiwa iwekewe, kwenye msimbo wa ukurasa, alama ya kuijulisha Google: rel="sponsored", iliyoanza Septemba 2019, au rel="nofollow" ya tangu 2005. Usitegemee ikupandishe nafasi, lakini wasomaji wa gazeti watafika kwako, na hao ndio uliowalipia. Kukagua, fungua makala kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya linki, chagua kukagua, na alama utaiona kwenye msimbo. Mwenye gazeti akikuahidi linki “isiyo na alama” kwa bei ya juu, achana naye.

Tumehama kutoka anwani ya .com kwenda .co.tz, tukaelekeza kurasa zote za zamani kwenye ukurasa wa mbele. Tumeporomoka. (Msomaji, Kigamboni)

Kosa liko kwenye huko kuelekeza. Aliyebonyeza linki ya bei za boti, kwa mfano, akitupwa ukurasa wa mbele, Google huona ukurasa aliokuwa akiutaka haupo tena, na uzito wa linki ile unapotea. Elekeza kila ukurasa wa zamani kwa mwenzake mpya kwa uelekezaji wa kudumu, yaani 301. Kisha toa taarifa ya kuhama kwenye Search Console. Anwani ya zamani endelea kuilipia na uelekezaji uuache kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwenye ripoti ya linki ya Search Console, angalia kurasa zinazounganishwa sana kutoka nje, uanze na hizo. Wenye tovuti kubwa zinazokutaja waandikie wabadilishe anwani.

Nimeambiwa “DA” yetu ni 9 na Google hawatupendi. (Msomaji, Mbezi)

DA (Domain Authority) ni kipimo cha nguvu ya tovuti kilichobuniwa na kampuni ya Moz, kutoka 1 hadi 100. Google haikitumii. Anayekuuzia namba hiyo mwulize wateja wangapi wamefika kwa kubonyeza.