Mnaoanza kuoka biali, kaangeni kitunguu kwanza

Nimeonyeshwa tena trei ya biali, ile mikate midogo ya duara yenye kishimo cha kitunguu katikati, zimetuna kama maandazi, vitunguu vimemwagika pembeni na kuungua. Wadogo zangu, haya tumeshayaongea. Nawapenda, na najua unga wa ngano haupatikani bure, ndiyo maana leo nitakuwa mkali kidogo.

1. Hii si begeli, ule mkate wa duara wenye tundu unaochemshwa kabla ya kuokwa. Haichemshwi wala haipakwi yai. Wayahudi wa Białystok, kaskazini mashariki mwa Poland, waliioka kwa unga, maji, chumvi na hamira, wakaweka kitunguu katikati, mara nyingi pamoja na mbegu za popi. Wahamiaji wao wakaifikisha New York, ambako duka la Kossar's, la tangu 1936, linaioka mpaka leo. Waliobaki Białystok, karibu wote waliuawa na Wanazi. Ndiyo maana nakasirika mtu akimimina maziwa, sukari na siagi halafu akaiita biali. Hiyo ni skonzi ya kitunguu. Aile kwake, na aifurahie, lakini biali tuiache ilivyo.

2. Vipimo: unga wa mikate gramu 500, maji 320, chumvi 10, hamira ya chenga 4. Utapata madonge tisa. Ukinata mikononi, endelea kukanda, usiongeze unga.

3. Kitunguu. Hapa ndipo mnapoangukia, na hapa ndipo nilipoangukia mimi. Nilikuwa na wageni, mashemeji na watoto wao, nikataka waamke wakute mkate wa moto. Usiku nikakatakata vitunguu maji, vile vyekundu vikali, nikavitia chumvi na kuviacha kwenye bakuli mpaka asubuhi, nikiamini vitakolea. Chumvi ikavuta maji yote. Asubuhi nikavichota vibichi hivyo hivyo na maji yake, nikajaza kila shimo. Kwa nje zilitoka nzuri: ukingo wa kahawia, ganda kavu. Shemeji yangu akamega moja, katikati ikavutika kama ubani. Chini ya kitunguu unga ulikuwa mweupe na mbichi, umelowa. Hakusema neno, akala pembeni. Watoto nao wakafanya vivyo hivyo, na sahani zikarudi jikoni zimejaa vitovu vya unga na vitunguu vilivyoungua ncha. Niliona aibu, kwa sababu walikuwa wamekaa na njaa wakinisubiri.

Maji yakikaa juu ya unga, moto unatumika kuyakausha kwanza, na muda wa kuiva unapita. Kwa hiyo kata kitunguu vipande vidogo sana, kipike kwa mafuta kidogo na moto mdogo mpaka kilainike na kuanza kugeuka rangi. Usikifikishe hudhurungi, oveni itamalizia. Kiache kipoe kabisa. Chumvi tia mwishoni. Kijiko kimoja cha chai kwa kila mkate kinatosha, jamani, msirundike.

4. Shimo. Madonge yakishaumuka, bonyeza kwa ncha za vidole kuanzia katikati, ukizungusha, mpaka sakafu iwe nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga ukiinua. Ukingo uache mnene, usiuguse, maana hewa yake ndiyo inayoupandisha. Kisha choma sakafu kwa uma. Wengi huogopa kuitoboa, wanabonyeza kidogo kwa huruma, na hapo ndipo katikati panapotuna na kumwaga vitunguu. Bonyeza bila huruma. Donge likikurudia kila ukilivuta, halijapumzika. Lifunike kwa dakika kumi, urudi.

5. Moto uwe nyuzi 240 za Selsiasi, na trei iwe imepashwa humo humo kabla ya kuweka mkate. Majiko yetu mengi ya gesi hudanganya: kitufe cha kuzungushia moto kinasema 240, ndani haijafika. Nunua kipimajoto cha oveni. Dakika kumi hadi kumi na mbili, kisha geuza mmoja utazame chini. Ukiwa mweupe, rudisha.

6. Mbegu za popi si lazima. Na mlioko Dubai au Abu Dhabi msijaribu kuingia nazo: Falme za Kiarabu zimezipiga marufuku. Kitunguu peke yake kinatosha.

7. Hazina mafuta kwenye unga, kwa hiyo zinakauka upesi. Ziliwe siku hiyo hiyo. Zinazobaki zifunge vizuri uziweke kwenye friza jioni ile ile, na ukizitoa zipashe ndani ya oveni, si kwenye maikrowevu, itazifanya ngumu kama mpira.