Once in a Lifetime sio namba moja: nyimbo nane za Remain in Light nikizipanga kwa sikio la besi

Wakuu, mleta uzi katuomba tupange nyimbo nane za Remain in Light, albamu ya bendi ya rock ya Marekani, Talking Heads, na karibu kila aliyechangia kaiweka Once in a Lifetime kileleni. Mimi naiweka ya nne, na sitajibu kwa mstari mmoja kwa sababu albamu hii naipenda mno. Nimepiga besi miaka mingi kwenye bendi za dansi hapa Dar, ukumbini na hotelini, kwa hiyo naisikiliza kuanzia chini kwenda juu.

Mpangilio wangu: Born Under Punches, Listening Wind, The Great Curve, Once in a Lifetime, Crosseyed and Painless, Houses in Motion, Seen and Not Seen, halafu The Overload.

Tuanze na ilivyotengenezwa, maana hoja yangu yote inatoka hapo. Mwaka 1980 bendi ilikwenda studio ya Compass Point, Nassau, visiwa vya Bahamas, na prodyuza wao Brian Eno. Hawakwenda na nyimbo zilizokamilika. Masikio yao yalikuwa yamejaa Fela Kuti, gwiji wa Afrobeat wa Nigeria, hasa albamu ya Afrodisiac. Wakawa wanashika kipande kifupi, wanakizungusha mpaka kikae, kisha wanapandisha chombo kingine juu yake, na kingine tena. Maneno mengi na uimbaji vilikuja baadaye, New York. Ndiyo maana humu hukuti ule utaratibu wa beti inayopanda taratibu ili kiitikio kilipuke. Gitaa likianza mahali, linabaki hapohapo, na kinachobadilika ni nani ameingia na nani ametoka. Sisi wa dansi tunalijua hilo. Wimbo ukishafika kwenye chemko, mwimbaji anarudi nyuma hatua mbili na vyombo vinachukua ukumbi. Albamu hii karibu yote ni chemko.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: toa sauti ya David Byrne, mwimbaji wao, je, wimbo bado unasimama?

Born Under Punches unasimama kuliko zote. Isikilizeni besi ya Tina Weymouth pale mwanzoni. Haitembei kama besi ya kawaida. Inadonyoa, inanyamaza, inadonyoa tena, na ule ukimya ni sehemu ya noti. Chris Frantz kwenye drams hajazi yale mapengo, anamwachia. Halafu katikati inaingia milio ya ajabu, kama mashine ya michezo iliyoharibika, na badala ya kuvuruga mdundo inaukaza. Mwishoni waimbaji wanapokezana mistari mitatu tofauti kwa wakati mmoja, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mara ya kwanza niliposikia nilidhani besi ziko mbili. Hadi leo nikitaka kumfundisha kijana thamani ya kunyamaza kwenye besi, namchezea dakika ya kwanza ya wimbo huu.

The Great Curve ni mbio tupu, zaidi ya dakika sita. Besi haina mambo mengi na haihitaji. Kazi yake ni kushikilia ardhi wakati sauti zinapishana juu, ikiwemo ya mwimbaji Nona Hendryx, na mpiga gitaa Adrian Belew anapoingia na lile gitaa linalopiga kelele kama mnyama. Kuna mchangiaji kasema solo zile zimezidi. Hapana mkuu, ukiziondoa wimbo unabaki mzunguko mzuri usio na hatari ndani yake.

Sasa Once in a Lifetime. Nakubali ndiyo iliyofika mbali zaidi: ilishika nafasi ya 14 Uingereza mwaka 1981, na yule Byrne anayehubiri kama wachungaji wa redio za Marekani hasahauliki. Ila thamani yake kwangu iko kwenye jambo ambalo watu hawalisemi. Inasimuliwa kwamba walipokuwa wakiutengeneza, Eno alikuwa anahesabu pigo la kwanza mahali tofauti na walipolihesabu wenzake, na wimbo ukaachwa na hesabu zote mbili ndani yake. Hilo nimelishuhudia kwa mikono yangu. Tulikuwa tunafanya mazoezi alasiri kwenye ukumbi mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, nikaanzisha ile besi. Mpiga drams akaingia pale ambapo mimi nahesabu tatu. Mpiga tumba akakaa na mimi. Tukasimama, tukabishana, kila mmoja akaapa yeye ndiye yuko sawa. Tukarudia, na safari hii hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Baada ya mizunguko kadhaa ule mvutano wenyewe ukawa mdundo, na mpiga solo akacheka kwa furaha bila kuacha kupiga. Wimbo unaoruhusu watu wasikubaliane na bado ukasonga ni kazi kubwa. Kilichouteremsha hadi nafasi ya nne ni kipimo changu: toa mahubiri ya Byrne na utapungukiwa na mengi. Kwenye zile zingine hupungukiwi hivyo.

Crosseyed and Painless ina mwendo mkali, na kile kipande anachosema maneno kwa mtindo wa kurap kilitoka kwa rap changa ya New York, hasa Kurtis Blow. Houses in Motion naipendea tarumbeta ya Jon Hassell, ambayo hailii kama tarumbeta hata kidogo. Seen and Not Seen ni hadithi ya kusemwa tu, ya mtu anayetamani uso wake ubadilike ufanane na nyuso anazoziona kwenye filamu na magazeti. Nzuri usiku, lakini sio ya kuweka juu. The Overload ni giza zito la mwendo wa pole lisilo na mdundo wa kushika, na mtu wa besi hana la kufanya humo. Wanaoipenda siwazuii.

Listening Wind inavunja kipimo changu, na naiacha ivunje. Muziki wake ni mtulivu, ngoma za mkono kwa chini, kinanda kinachopuliza kama upepo wa jioni, kiitikio laini kabisa. Juu yake kuna habari za Mojique, kijana anayewaona Wamarekani wamejaa kijijini kwao, na anatuma vifurushi vya mabomu kwa posta. Bendi haimsifu wala haimlaani. Inakaa upande wake, ndani ya kichwa chake, na upepo unamsemesha.

Mchangiaji mmoja humu kaandika kwamba wimbo huu unatukuza ugaidi na haustahili kupangwa. Namwelewa, na nataka kumjibu kwa heshima. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa Dar. Wenye umri wetu hatuhitaji kusimuliana asubuhi ile, mabomu kwenye ubalozi wa Marekani hapa na ule wa Nairobi, karibu kwa wakati mmoja. Hapa walikufa 11, Nairobi zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa ndugu zetu: walinzi, makarani, watu waliokuwa wanapita barabarani na shughuli zao. Wimbo ulikwishatoka miaka 18 kabla, na walioutunga hawakuwa wakituwazia sisi. Lakini mimi siwezi tena kuusikiliza kama anavyousikiliza mtu wa New York. Nikifika pale Mojique anapokiandaa kifurushi chake, namuwaza atakayekipokea, karani wa posta, dereva, mama aliyesimama foleni. Hao hawamo kwenye wimbo. Upepo hauwasemeshi wao.

Na bado nimeuweka wa pili. Kutukuza kungekuwa na ngoma za ushindi, kungetupa mlipuko na kutuambia tushangilie. Hapa hakuna mlipuko wowote. Kuna mtu mpweke, hasira yake, na muziki mtamu unaokulaza karibu naye mpaka unaogopa jinsi ulivyo karibu. Sijui wimbo mwingine wa pop unaonifanya nikae kwenye kiti hicho na nisipate pa kukimbilia. Mwimbaji wa Uingereza Peter Gabriel aliuimba upya mwaka 2010 na akauvalisha vinanda vya nyuzi. Ni kazi safi, ila kwake huzuni inatangazwa tangu mwanzo, na ile hatari ya utamu inapotea.

Aliyeuliza kama toleo la Angélique Kidjo limeishinda albamu ya mwanzo: Kidjo, mwimbaji, mama wa Benin, aliirekodi yote mwaka 2018, nyimbo zote nane, na kwenye drams yumo Tony Allen, aliyekuwa mpiga drams wa Fela mwenyewe. Kwa hiyo mdundo umerudi mikononi mwa mtu aliyekuwepo ulipozaliwa. Kidjo ameeleza kwamba alipousikia Once in a Lifetime baada ya kufika Paris aliambiwa huo ni muziki wa rock wa wazungu, naye masikio yake yakamkatalia. Kwenye Born Under Punches na The Great Curve naona amewafikia, na kwa sauti za kuitikia amewapita. Kwenye Once in a Lifetime ameleta furaha mahali ambapo Byrne alikuwa na hofu, na wimbo umependeza kwa namna nyingine kabisa. Besi ya Weymouth ndiyo sijaona aliyeifikia. Mwenye kuwa nazo zote mbili aanze na Born Under Punches, toleo moja baada ya jingine, kwa spika zenye besi ya kweli na sio kwa simu, halafu arudi hapa anipinge.