Viumbe "wanaishi" au "vinaishi"? Swali kutoka Kigamboni

Msomaji wa Kigamboni anaandaa maneno ya klipu kuhusu viumbe wadogo wa chini ya bahari. Anauliza hivi: "Niliandika 'viumbe vidogo vinaishi kwenye makorongo ya chini ya bahari', mwenzangu akasahihisha 'viumbe wadogo wanaishi', bosi naye kasema tuandike 'wadudu' yaishe. Nani yuko sawa?"

Mwenzako yuko sawa dada yangu. Bosi hapana. Na wewe una kahaki kako, nitakupa huko mbele.

Watu wanateleza hapa kwa sababu kiumbe kina ki- kama kiti na kikombe, basi mdomo unaenda wenyewe kwenye "kinaishi". Ila kwa wanyama na watu Kiswahili hakiangalii herufi ya kwanza, kinaangalia anayesemwa ni wa aina gani. Kiboko anakula majani, vifaranga wamekua, vyura wanapiga kelele, kipepeo ametua. Ukisikia "kiboko kimekatika" ujue hapo ni fimbo ya mwalimu, sio yule wa mtoni. Na hata akifa hatumvui huo upatanisho, nenda soko la samaki la Feri asubuhi, samaki kashakufa toka usiku lakini muuzaji anakwambia "huyu mbichi kabisa mama", hasemi "hii".

Sasa udogo je? Hao unaowaandikia wengi wanapenya kwenye chujio la matundu ya milimita 1, kwa macho huwaoni vizuri, lakini udogo haubadilishi kitu, ni viumbe wadogo, wanaishi, wanakula, wanazaana.

Haki yako sasa. Kwenye hutba na mahubiri utasikia "viumbe vyote vilivyoumbwa" na hakuna anayeguna, kwa sababu pale kiumbe ni chochote kilichoumbwa, milima imo, nyota zimo. Halafu kuna udogishaji, kijitoto kinalia, kijibwa kinabweka, pale msemaji anamdogosha mtu au mnyama makusudi na ki-vi inaruhusiwa kabisa. Vilevile vimelea vya malaria, tumeshazoea hivyo na mimi sioni haja ya kumkimbiza mtu. Kwa hiyo ungeandika "vijidudu vinaishi matopeni" nisingekukata kalamu. Ila "viumbe vidogo vinaishi" kwenye klipu ya sayansi inakwaruza sikio.

Usiende mbali zaidi ukadhani kila chenye uhai kinachukua a-wa, mti uko hai na bado tunasema umekauka. Ndo maana foraminifera, ambao nao wamo kwenye tope la chini ya bahari, wanaleta mzozo kidogo, wale ni wa seli moja tu, sio wanyama sio mimea, wengine wanajijengea gamba la chokaa na wengine wanagundisha chembe za mchanga mpaka zinakuwa nyumba. Mimi nawaweka kwenye a-wa bila wasiwasi maana ndivyo tulivyowafanya amiba na bakteria zamani, "amiba amejigawa", nani anasema imejigawa? Lakini gamba ni gamba, foraminifera akifa gamba lake linabaki, magamba yanarundikana.

Bosi na "wadudu" wake. Mtaani mdudu ni kila kitu, wa malaria, wa kwenye unga, na Dar ukisema unaenda kula mdudu watu wanajua unaenda kwenye kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Kwenye sayansi mdudu ana miguu sita, na huko kilindini hamna wadudu wa hivyo. Wengi kwenye lile tope ni minyoo aina ya nematodi, wanafuata kopepodi ambao ni ukoo mmoja na kamba na kaa. Andika "wadudu wa chini ya bahari" halafu usome utani wa watu kesho yake.

Angalia pia korongo. Korongo ndege amesimama kwa mguu mmoja, korongo la ardhi limemeguka, neno moja upatanisho mbili, hivyo "makorongo ya chini ya bahari" uliandika sawasawa.

Kitu ambacho hukuuliza na ndo kingenoga kwenye klipu yako ni ku, pa na mu za mahali. Kwenye makorongo kunaishi viumbe wadogo, hiyo ni kwa ujumla. Juu ya tope pana wanaotembea. Ndani ya tope mna minyoo. Hapo sarufi imekufanyia kazi nusu, maana wanaoishi juu ya tope na wanaojichimbia ndani ni watu wawili tofauti kabisa kwa mtafiti. Na mna wengi kweli, kwa sababu korongo linasomba mabaki ya mimea na wanyama kutoka karibu na pwani kuyapeleka kilindini ambako chakula ni haba. La Monterey kule California linaanzia karibu kabisa na ufukwe, la Nazaré Ureno linashuka mpaka karibu mita 5,000. Ubaya wake tope hilohilo linaweza kuporomoka, kama Kaikoura, New Zealand, tetemeko la 2016 lilifagia matope ya korongo na wakazi wake wakaondoka nayo.

Mimi ningeandika: "Kwenye makorongo ya chini ya bahari kunaishi viumbe wadogo sana, na ndani ya tope mmejaa minyoo." Na kabla hamjarekodi, mwambie msomaji wa maneno asiseme "maforaminifera", ni foraminifera mmoja, foraminifera wengi, kama samaki.